Motokaa Iliyokosa Jina

Kusini mwa Uswidi, karibu na mji mdogo wa Ryd, uko msitu wa kinamasi uitwao Kyrkö Mosse. Tulipoingia humo tulikuta motokaa zipatazo 150 zimekaa kimya kati ya miti. Mwenye mahali hapo, marehemu Åke Danielsson, alikuwa akivunja motokaa kuukuu na kuuza vipuri vyake.

Moja ilitushinda kuitambua. Kuvu ya kijani imeifunika, na jina lake limekwisha ng'oka. Mgongo wake ulioinama ulituonyesha ya kuwa ni Volvo. Lakini Volvo gani? PV 444, iliyoanza kuuzwa mwaka 1947, na PV 544, iliyoifuata mwaka 1958, zafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Ndipo tukatazama mahali pa kioo cha mbele. Kioo hakikuwapo, ila kijiti cha chuma cha katikati kilikuwa kingali kimesimama. Basi tukajua: PV 444 ilikuwa na vioo viwili vilivyotengwa kwa kijiti, PV 544 ilipewa kioo kimoja kilichopindika. Hii ilikuwa ile ya kwanza.

Wakubwa wa wilaya wamekubali motokaa hizo zibaki hata mwaka 2050. Lakini kutu haingoji ruhusa ya mtu. Kijiti kile kikianguka, atakayekuja nyuma yetu atatambua kwa nini? Kwa hiyo tuliandika habari zake palepale, kisha tukashika njia.