Geneva na Wakili Kijana

Mbele ya jengo la Umoja wa Mataifa mjini Geneva, Uswisi, kimesimama kiti kikubwa cha mbao chenye mguu uliovunjika, kuwakumbuka waathirika wa mabomu ya kutegwa ardhini. Hapo ndipo aliponipokea mdogo wangu, wakili kijana anayejifunza kuwatetea wakimbizi katika shirika moja, bila malipo. Mkataba wa mwaka 1951, uliopitishwa mjini humo, wakataza kumrudisha mkimbizi penye hatari.

“Kaka,” aliniambia, “wenzangu wa Kigoma wamekulia jirani na kambi ya Nyarugusu. Nauli tu ndiyo iliyowazuia.”

Kazi hii si ngeni kwetu: Jafar bin Abi Talib aliwatetea Waislamu waliohamia Uhabeshi mbele ya Najashi. Je, hatuwezi kumchangia kijana mmoja nauli na kodi ya chumba?