Njia ya Baiskeli Iishiayo Rusizi

Asimamaye Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi ambayo wengi bado huiita Cyangugu, huona Ziwa Kivu chini yake, na ng'ambo ya Mto Ruzizi huuona mji wa Bukavu nchini Kongo. Hapa ndipo iishiapo Njia ya Kongo-Nili, ambayo huanzia Rubavu na kufuata ziwa kwa kilometa 227, ikipita katika wilaya tano. Mwendesha baiskeli hodari huimaliza kwa siku tano hivi.

Njia hiyo kwa sehemu kubwa ni barabara za udongo na vijia vya wakulima vilivyounganishwa. Humo mgeni mwenye baiskeli hukutana na mama aliyejitwika ndizi na mtoto aendaye shule. Basi, ikiharibika, si mgeni peke yake apatae hasara.

Adui yake mkubwa ni maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mvua na maporomoko ya udongo viliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika Mkoa huu wa Magharibi. Katika milima ya namna hii, kijia kilichoshushwa wima hugeuka mfereji, kisha korongo, na korongo hula shamba la jirani.

Dawa yake yajulikana. Kijia kizunguke ubavu wa mlima, kama yafanyavyo matuta ya ngazi. Kwa wastani, kisipande zaidi ya mita moja katika kila mita kumi. Upande wa bondeni uinamishwe kidogo ili maji yatoke upesi. Na hapa na pale kijia kiinuke kidogo, maji yasipate mbio.

Kazi hiyo yahitaji halmashauri, kwani ndiyo iwezayo kupatana na wenye mashamba kabla jembe halijagusa ardhi. Mikono ipo: katika umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, askari, polisi, watumishi na wakulima hushika jembe bega kwa bega.

Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza barani Afrika. Ni fahari kubwa. Lakini kijana wa viunga vya Kamembe atajifunzia karibu na kwao, ikiwa kijia chake kitavuka masika salama. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.