Lenzi Moja ya Kakesio

Ukitaka kupiga picha za sarakasi ndani ya ukumbi, ushauri wa kwanza utakaopewa ni wa pesa. Nunua lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8, weka kasi ya shata 1/500 au zaidi, pandisha ISO hadi 3200, ikibidi 6400, na flashi usiiguse. Ushauri ni sahihi. Kwenye mashindano ya jimnastiki flashi hupigwa marufuku, maana mtoto aliye hewani kichwa chini hahitaji radi machoni. Mimi nilijifunzia kwenye kumbi za Dar es Salaam, chini ya taa za tyubu, na taa hizo zina vituko vyake. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi kubwa, picha moja inatoka nyeupe, ya pili manjano, ya tatu giza. Ukishuka hadi 1/100 rangi inatulia, lakini anayepinduka anageuka moshi.

Kakesio taa hazikuwa tatizo. Hazikuwepo.

Kata hiyo iko kusini-magharibi mwa Hifadhi ya Ngorongoro, ukishaipita Endulen, na Septemba upepo wake unabeba vumbi laini kama unga. Kubadilisha lenzi nje ni kujitafutia balaa: punje zikiingia ndani ya kamera, kila picha inakuwa na madoa. Inabidi uchague lenzi moja ukiwa bado garini, vioo vimefungwa, kisha uishi nayo. Kama ndoa, alisema dereva wetu, ambaye ana wake wawili.

Nilichagua ya milimita 50, f/1.8, ya plastiki, ya bei ndogo kuliko zote begini. Watoto wa darasa la saba walikuwa wanajiandaa kwa mahafali, na kwa sababu ya vumbi mazoezi yalikuwa yamehamia darasani. Madawati yamesukumwa ukutani, godoro moja sakafuni, mwanga unaingia kwa madirisha mawili. f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Hiyo ndiyo sababu ya kifundi.

Sababu nyingine wasomaji wa riwaya mtanielewa: lenzi ni nafsi ya msimulizi. Ile ndefu ni msimulizi ajuaye yote, amejibanza mbali, hakuna mhusika anayemwona. Milimita 50 inakufanya nawe uwe mhusika. Uko hatua tatu tu, unasikia pumzi, na mtoto anaweza kukutazama akakataa. Picha za Wamaasai wakiruka zimejaa duniani: mpiga picha amelala chini, kijana yuko juu ya anga tupu, hana mwalimu, hana ukuta, hana mwaka. Sizipendi, hata zile nzuri.

Kuruka kwenyewe ni zawadi kwa kamera. Mwili unapanda wima, visigino havitui, na kileleni unasimama. Ni fizikia ya sekondari: katika sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla au baada ya kilele, mrukaji husogea sentimita tano hivi tu. Kwa hiyo 1/160 inatosha, mradi uusikilize wimbo. Baada ya mizunguko michache kidole kinajua kabla ya jicho. Wavulana wa godoroni ndio walionisumbua. Anayepinduka, hata kileleni, bado anazunguka. Kwao nilipanda hadi 1/500, ISO 6400, na chengachenga zikajaa. Nikaziacha.

Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Hizo picha zinakwenda wapi?"

"Gazetini, Yeyo."

"Gazeti halifiki hapa."

Akanionyesha binti yake kwenye mstari wa warukaji. "Huyo mpige ukuta uonekane. Na ubao."

Tangu Juni 2022 kaya za hifadhini zimekuwa zikihamia Msomera, Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wapo wakazi wanaopinga hadharani. Dada yake ameshakwenda. "Sisi hatujaamua. Baba yao anasema hivi, mimi nasema vile. Lakini ukuta uonekane."

Kwa milimita 50, binti na ubao havikuenea. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagota kwenye madawati, nikachuchumaa kati ya miguu ya watoto wengine, nikasubiri wimbo uzunguke. Alipofika juu nyayo zake zilikuwa usawa wa magoti ya wenzake, na nyuma yake hesabu za sehemu, moja haijamaliziwa. Kulia kuna sikio la mvulana, ukungu mtupu.

Mhariri aliniuliza kama sina nyingine isiyo na ubao. Sina. Ile nilikuwa nimeshaisafisha Karatu, nakala mbili, moja ya mama na moja ya dada yake, nikampa dereva wa lori la mahindi aliyekuwa anapanda huko.