Mchumba Mgonjwa na Ng'ombe za Mahari

Kwetu Bukavu ng'ombe za mahari hazitolewi bure. Ukoo hungoja mtoto. Kwa hiyo binti akipatwa na kansa ya titi kabla ya ndoa, wazee hawaulizi kwanza kama atapona. Huuliza kama atazaa.

Katika mafundisho ya wachumba huku Kadutu, binti mmoja alituambia kwamba wazee wa upande wa bwana wanataka aache dawa, kwanza azae. Akauliza: "Mwalimu, nikikubali dawa inayoharibu uzazi, nimetenda dhambi?"

Tulijibu hapana, wala jibu hilo si letu. Papa Paulo VI, katika Humanae Vitae ya mwaka 1968, alifundisha kwamba dawa inayohitajiwa kuponya mwili ni halali hata ikijulikana kuwa itazuia uzazi, mradi kuzuia huko kusikusudiwe. Wako wanaomtaja Mtakatifu Gianna Beretta Molla, aliyefariki mwaka 1962. Lakini yeye alikuwa na mimba tayari, na uvimbe wake ulikuwa katika kizazi. Binti huyu hana mimba. Tusimtwike msalaba wa mwingine.

Tena si kila dawa hukausha uzazi. Siklofosfamidi, dawa ya kuua kansa, yaweza kuharibu mayai, lakini mwenye miaka 25 ana tumaini kuliko mwenye 40. Vidonge vya tamoksifeni haviharibu mayai. Ila humezwa miaka 5 au zaidi, na wakati huo mimba haifai, maana vyaweza kumdhuru mtoto.

Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya wanawake 518 wa nchi 20, wenye kansa inayolishwa na homoni. Baada ya kutumia dawa za namna hiyo miezi 18 hadi 30, walizisimamisha ili watafute mtoto. Kati ya 497 walioangaliwa kwa habari ya mimba, 317 walizaa. Kwa miaka 3 kansa haikuwarudia kuliko wenzao wasiosimamisha. Miaka 3 ni michache, na waganga wanaendelea kuwaangalia.

Basi, binti, mwulize mganga habari ya uzazi kabla ya dawa ya kwanza, kwa sababu iko sindano ya kila mwezi, goserelini, ya kupumzisha mayai, nayo huanzwa kabla. Nenda na mchumba wako. Wazee wataelezwa jioni.