Mafuta Tuliyoyaruka

Mtu asimuliapo makosa ya mwenzake hupata maneno mengi; asimuliapo ya nafsi yake, ulimi huwa mzito. Hata hivyo twataka kuyaeleza haya, huenda yakamfaa mmoja wenu.

Mwaka 2016, kabla hatujaanza kufundisha, tulifanya kibarua katika kiwanda kimoja cha sabuni huko Chang'ombe, wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Asubuhi moja tuliona mafuta yamemwagika sakafuni karibu na mapipa, yanang'aa kama kioo. Kuyamwagia maranda na kuyafagia ni kazi ya dakika chache tu. Lakini tulisema moyoni, "Hii si kazi yetu," tukayaruka, tukaenda zetu.

Punde tukasikia kishindo. Mwenzetu, aliyekuwa na katoni begani na kandambili miguuni, ameteleza na kuangukia nyonga. Hakulia; alitutazama akauliza, "Ndugu yangu, kwani hukuyaona?" Tukanyamaza.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Nyapara alimpa pole na nauli, akasema kibarua hana fidia. Nasi tukasadiki, wala hatukuuliza popote. Kumbe tangu Julai 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulikuwa umekwisha kuanza kazi, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2008. Waajiri ndio wauchangiao; mshahara wa mfanyakazi haukatwi kwa ajili yake. Lakini sheria yataka ajali itolewe habari kabla ya miezi 12 kupita. Sisi tuliojua kusoma tuliyasoma hayo mwaka wa pili, na mwenzetu amekwisha kurudi kwao Rufiji, akitembea kwa fimbo.

Wahenga walisema, Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba tuliudharau sisi. Mguu ulioota tende ulikuwa wa mwenzetu.

Siku hizi, maji yakimwagika mlangoni pa darasa, twainama kuyafuta wenyewe. Watoto hucheka kumwona mwalimu ameshika dekio. Na wacheke. Nanyi mlio na ndugu viwandani, mwulizeni: Je, umeumia? Umemwarifu mwajiri wako? Umeiandika tarehe? Na wewe msomaji, ukiona kitu cha kumwangusha mtu njiani, usikiruke. Nyuma yako yuko mwingine ajaye na mzigo begani.