Jina la Mjukuu Wangu

Mwaka 2016 kijana wangu alinipigia simu kutoka Marekani kunipa habari njema: mkewe amejifungua mtoto wa kike. Nilimshukuru Mungu, kisha nikauliza jina, ingawa nilidhani nalijua. Katika ukoo wetu binti wa kwanza huchukua jina la bibi yake mzaa baba.

"Anaitwa Paisley, Baba."

Nikamwambia hilo si jina la mtu, nikakata simu. Kwa karibu mwaka mzima sikulitamka. Nikitaka kujua hali yake, nilisema tu, "Mtoto hajambo?"

Naona haya kuyaandika haya. Chuoni, mkufunzi wetu wa ualimu alitusisitizia kwamba kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuyajua majina ya wanafunzi wake. Nami niliyahimiza hayo kwa walimu waliokuwa chini yangu miaka yote ya ukuu wa shule.

Hatimaye nikaamua kulitafuta jina lile. Paisley ni mji wa Scotland, magharibi ya Glasgow. Wataalamu wengi hulitoa jina lake katika neno la Kilatini basilica, yaani kanisa. Ulikuwa mji wa wafumaji. Mwishoni mwa karne ya 18 shali za Kashmir zilipendwa sana Uingereza, lakini bei yake haikushikika. Katika karne ya 19 wafumaji wa Paisley wakaziiga na kuziuza kwa bei nafuu, hata nakshi yake, ile kama tone la maji lililopinda ncha, ikaitwa kwa jina la mji wao. Waajemi na watu wa Kashmir, walioichora kabla yao, hawakutajwa. Ndivyo ilivyo dunia. Kufikia miaka ya 1870 shali zile zilikuwa zikiachwa, lakini jina likabaki kwenye nakshi, na katika karne hii Wamarekani wengi wakawapa binti zao.

Nilimwonyesha mke wangu picha ya nakshi hiyo. Alicheka.

"Mwalimu, hii si korosho?"

Akafungua sanduku, akatoa kanga yake ya zamani, iliyopauka. Korosho zilijaa kona zote nne. Ndiyo kanga aliyombebea mgongoni baba yake Paisley, nami niliiona kambani miaka nenda rudi.

Jioni hiyo nilimpigia mwanangu, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, jina lake la pili ni la Mama. Siku ile ulikata simu kabla sijamaliza."

Nilimgeukia mama yake. Kumbe alikuwa akijua tangu wiki ile ile. Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba sikumwuliza, akaendelea kuikunja kanga ili tuitume.