Barua za Watu ni Amana: Kwa Nini Tumehama Sanduku



Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, na hususan akina mama mnaotuletea masuali yenu, mmeona kwamba anwani ya barua pepe iliyo chini ya ukurasa huu imebadilika. Baadhi yenu mmedhani tumeibiwa anwani ya zamani, na bibi mmoja wa Kisauni alimpigia simu mama wa watoto wetu kumuuliza kama tumehama Nakuru. Hatujahama. Tungali hapa Bondeni, tulipofikia tulipotoka pwani kabla ya uchaguzi wa 2007. Kilichohama ni sanduku la barua, na kwa kuwa ndani yake mna siri zenu kuliko zetu, ni haki yenu kuelezwa sababu.

Kwa miaka mingi tulitumia Gmail, kama wanavyotumia watu wengi tunaowajua, na hatukuwa na ugomvi nayo. Ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004, masanduku mengine ya bure yalikuwa yakimpa mtu nafasi ya megabaiti chache tu, ikaja hiyo na gigabaiti nzima. Leo inatoa gigabaiti 15. Malipo yake yalikuwa matangazo ya biashara: mashine ilipitia maneno ya barua ili ijue imwonyeshe mtu tangazo gani. Mwandikie dada yako kuhusu harusi, na pembeni ya barua watokea wauza nguo za harusi.

Hapa inatubidi tuwe waadilifu, kwa sababu tumewasikia wahubiri wakiyataja hayo kana kwamba yanatendeka leo. Mnamo 2017 Google ilitangaza kwamba inaacha kutumia yaliyomo ndani ya barua kwa ajili ya matangazo. Mashine yake bado huzipitia barua ili kuchuja taka na virusi, na hilo hatuna neno nalo. Aliyeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuisambaza hasamehewi kwa kuwa anayemsema ni kampuni ya Marekani. Lakini baada ya kusema hayo yote, jambo moja linabaki pale pale: barua zimo katika ghala lao, na ufunguo wa ghala wanao wao. Wakiamrishwa na mamlaka yenye nguvu ya kisheria wafungue, watafungua.

Sasa tazameni kilichomo katika sanduku la mtu kama sisi. Hatuna siri za serikali wala za biashara. Tuna barua za wanawake. Mmoja anasema mume wake yuko Ghuba mwaka wa tatu, haleti matumizi wala haleti talaka. Mwingine anauliza hukumu ya damu ambayo hathubutu kuitaja mbele ya mama mkwe wake. Msichana anataka kujua kama ndoa aliyofungishwa ilisihi, na anatueleza kwa urefu ilivyokuwa. Mjane anauliza habari za eda, na katikati ya suali anataja mali aliyoachiwa marehemu na nduguze hawaijui. Masuali haya hayaulizwi msikitini baada ya darsa. Yanaandikwa usiku, mara nyingi kwa simu ya kuazima.

Mwaka uliopita alituandikia dada mmoja anayefanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha. Hatutasema zaidi kumhusu. Alieleza dhiki yake na msimamizi wake wa kazi, barua ndefu iliyopangwa vizuri, kisha mwishoni akaongeza mstari mmoja: “Maalim, barua hii anaisoma nani mwingine?”

Tulimjibu lile la msimamizi siku hiyo hiyo. Lile la mwisho lilituchukua wiki, kwa sababu tulitaka kumjibu kwa ilimu na si kwa kumliwaza.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Surat Nur imetukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kuwasalimu wenyewe, na ikaweka hata nyakati tatu ambazo watoto wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia chumbani kwa wakubwa. Surat Hujurat imekataza kupeleleza. Mmesoma vyuoni kisa cha yule mtu aliyechungulia katika tundu la chumba cha Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akiwa na kitana mkononi, na jinsi alivyokemewa: idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Ipo pia riwaya katika Abu Daud inayomwonya vikali anayetazama barua ya nduguye bila ruhusa yake. Sanadi yake ni dhaifu, na Abu Daud mwenyewe ameusema udhaifu huo, basi hatuifanyi hoja. Hatuna haja nayo. Tundu la mlango latosha.

Wakubwa kati yenu mnaikumbuka barua ya zamani. Familia nyingi hazikuwa na sanduku lao posta, zilitumia la shule, la duka la mhindi au la msikiti. Barua ilipita mikononi mwa watu wanne au watano kabla ya kumfikia mwenyewe. Pamoja na hayo ilikuwa na gundi. Ikifunguliwa, utajua. Bahasha iliyopigwa mvuke ina dalili zake, na akina bibi walizijua kuliko karani wa posta. Barua pepe haina gundi. Ikisomwa na watu mia, inakufikia vile vile, safi kama ilivyotoka.

Wapo watakaosema, mimi sina cha kuficha. Sisi tunaoishi Bonde la Ufa maneno hayo hatuyasemi kwa urahisi. Januari 2008, hapa Nakuru na kule Naivasha, jina la mtu lilitosha kumtoa nyumbani kwake, na katika vizuizi vya barabarani watu walidaiwa vitambulisho ili ijulikane ni wa kabila gani. Kitambulisho si siri. Desemba kilikuwa kadi ya kupigia kura, na mwezi haukwisha kikawa hukumu. Tangu hapo tunajua kwamba habari ya mtu haina madhara mpaka siku ile inapoangukia mkono usiostahiki, na siku hiyo haitangazwi.

Wala dhara haliji kwa mlango unaoutazamia. Novemba 2020 gazeti la mtandaoni la Motherboard lilifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla iliyopakuliwa mara zaidi ya milioni 98, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, nayo X-Mode ikiziuza kwa wakandarasi, na kupitia kwao habari hizo zikafika katika jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kwamba waliliuzia jeshi moja kwa moja, wakasema wamevunja uhusiano na X-Mode. Mtu aliifungua simu ajue alfajiri imeingia saa ngapi, na alipokuwa akasomeka.

Kenya tuna sheria. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mtu, pamoja na mawasiliano yake, na Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa 2019 ikamweka Kamishna wa kuisimamia. Si sheria ya kabatini tu: Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kubandika picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kampuni ya mikopo ya simu ikatozwa 2,975,000. Akina mama wanaoona picha za watoto wao kwenye kurasa za madrasa na shule waijue haki hiyo. Lakini sheria huja baada ya siri kutoka, na siri haina njia ya kurudi.

Basi tukahamia Proton Mail. Ilianzishwa 2014 na wanasayansi waliokutana katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, Uswisi. Binti yetu, anayesoma Njoro, alitufafanulia namna inavyofanya kazi, nasi tunaifafanua kama tulivyoielewa. Barua ikitoka katika sanduku la Proton kwenda katika sanduku jingine la Proton, hugeuzwa fumbo ndani ya simu ya anayeandika, na fumbo hilo hufumbuliwa ndani ya simu ya anayepokea. Katikati, hata wenye kampuni hawalioni ila kama herufi zilizovurugika. Ufunguo wa ghala hawanao. Sanduku la bure ni dogo, gigabaiti 1 tu, lakini barua za maneno matupu hazili nafasi. Pesa wanazipata kwa wanaolipia nafasi zaidi, wala matangazo hayamo.

Tumesema tutakuwa waadilifu, basi na huku pia. Mkituandikia kutoka Gmail, nakala inabaki Gmail kwenu, na sisi kuhama hakukuifuta. Kichwa cha barua, yaani ule mstari wa juu unaotaja mada, hakifungwi kwa fumbo hilo hata kati ya Proton na Proton. Msiandike humo “Suali la talaka ya Fulani”. Andikeni “Salamu”. Na mnamo 2021 ilijulikana kwamba kampuni hiyo, kwa amri ya mamlaka za Uswisi, ilitoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati wa mazingira aliyekuwa akitafutwa Ufaransa. Barua zake haikuweza kuzitoa, lakini alikoingilia ilikutoa. Wenye kuuza usalama hupenda kusahau kutaja mambo kama haya. Mwenye kuutaka usalama kamili asiandike kabisa, na hilo hatuwezi kuwashauri, kwa sababu wapo miongoni mwenu ambao barua ndiyo mlango wa pekee uliobaki wazi.

Jambo jingine ni nywila. Ukiisahau, na hukujiwekea njia ya kurejesha, unaweza kupewa sanduku lako tena lakini barua za zamani hazifumbuki, hata ukiwalilia. Mama wa watoto wetu ameiandika ya kwake katika karatasi na kuitia mahali anapoweka hati ya ndoa. Vijana walicheka. Sisi tunaona amefanya vyema.

Kuhama kwenyewe kulikuwa kazi ya jioni nyingi. Kunakili majina ya watu ni dakika chache, lakini anwani ya zamani imejifunga kila mahali kama mizizi ya mkuyu: iTax, eCitizen, benki, shule ya watoto, kamati ya mazishi. Kila mahali unaandikiwa namba ya siri ya kuthibitisha, na namba hiyo inapelekwa katika sanduku lile unalotaka kulihama. Kwa hiyo sanduku la zamani hatujalifunga. Tumeliacha wazi kwa mwaka mmoja, lituletee barua za wasiojua kwamba tumehama, nasi tutakuwa tukilitazama kila Ijumaa.

Lakini tukimjibu yule dada wa Naivasha kwa ukweli wote, anayesoma barua zenu aghalabu hayuko Marekani wala Uswisi. Yuko nyumbani, au yuko saiba. Hapa mjini tunamjua mama aliyeandika malalamiko yake dhidi ya mumewe katika saiba moja, akatoka bila kufunga akaunti, na kabla ya magharibi shemeji yake ameshahadithiwa. Hakuna fumbo la Uswisi linalozuia hilo. Mkimaliza kuandika, tokeni katika akaunti, na msiikubali ile kompyuta inapowauliza iwahifadhie nywila. Simu mkiiazima kwa dada, tumieni ukurasa wa faragha na mfute mkimaliza. Na waume wanaotuuliza kama wana haki ya kupekua simu za wake zao kwa kuwa wao ndio walionunua, tunawarejesha kwenye tundu la mlango na kitana.

Asiyeweza kufungua sanduku jipya asijikalifishe. Atuandikie alipo, kwa maneno machache, aseme tu anataka tumwandikie kwa kufuli. Tutamtumia jibu ambalo halifunguki ila kwa neno la siri, na neno hilo atalipokea kwa sauti kutoka kwa mama wa watoto wetu.

Limebaki suala la barua za zamani. Zilikuwamo za miaka kumi na zaidi. Waliohai tumewaandikia, mmoja mmoja, kuwauliza kama wanataka barua zao zifutwe au zihifadhiwe. Wengi wamesema zifutwe, wachache wameomba warejeshewe kwanza. Lakini walikuwamo na waliokwisha tangulia mbele ya haki, na kwao hapakuwa na wa kumuuliza. Binti yetu alisema anaweza kuzifuta zote kwa kubonyeza mara moja. Tukamwomba atuachie. Alhamisi baada ya alasiri tulikaa tukazifuta sisi wenyewe, moja baada ya moja, tukilisoma jina tu bila kuifungua barua, tukimwombea mwenye jina, kisha tukiendelea na lililofuata. Adhana ya magharibi ilitukuta tumebakiwa na tatu.